Umri Umenitupa Mkono: Imani Zinazomweka Mtu Mzima Mbali na Darasa

Mwenyekiti wa semina, wawezeshaji wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioacha biashara, mashamba na watoto ili muwe hapa leo,

Nimeombwa nizungumzie imani zinazomzuia mtu kufuata lengo kubwa. Nitashika lengo moja tu, lile linalotukutanisha: mtu mzima aliyeishia njiani kurudi kusoma. Wengi wanaokuja kuulizia Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT, hawaanzi na swali. Huanza kwa kujitetea. "Mwalimu, mimi kichwa changu kizito." "Hesabu sikujaliwa." "Umri umenitupa mkono." Anayesema hivyo amekuja na hukumu mkononi, nami hutaka kwanza kujua ilitolewa na nani.

Mara nyingi ilitolewa zamani sana. Wenye umri wangu mnakumbuka miaka ambayo sekondari za serikali zilikuwa chache, na mtoto angeweza kufaulu darasa la saba asichaguliwe. Ubaoni jina halikuwepo, basi. Hakuna aliyemketisha akamweleza kwamba kilichopungua ni madawati. Akarudi nyumbani akiamini kilichopungua ni akili yake, na imani hiyo akaishi nayo, akaoa nayo, akalea nayo watoto. Leo shule za kata ziko nchi nzima, lakini yeye bado anajihesabu miongoni mwa walioshindwa.

Hapa natofautiana na wahamasishaji wanaotuambia kwamba vizuizi vyote vimo kichwani mwetu. Si kweli, na ni kumwonea mtu maskini. Ada ni kizuizi. Mume anayekataza ni kizuizi. Kutembea usiku kutoka darasa la jioni ni kizuizi. Ninalotaka tulitazame leo ni hili: kizuizi cha nje kikikaa muda mrefu huhamia ndani, na siku kinapoondolewa nje, ndani hubaki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Hakusoma utotoni. Januari 2003 serikali ya Kenya ilifuta ada katika shule za msingi, na mwaka uliofuata, akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 84, akaenda Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, kuomba nafasi ya darasa la kwanza. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, asitegemee kusomewa. Mwanzoni alikataliwa. Akarudi, amevaa sare: kaptula na soksi ndefu kama watoto. Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, akampokea. Ada ilifutwa kwa wazee wote wa Kenya waliokosa shule, lakini waliovaa kaptula ni wachache mno. Serikali ilikuwa imefanya sehemu yake. Kicheko cha majirani hakina waraka wa kukifuta, na hicho Maruge alilazimika kukivuka mwenyewe. Mwaka 2005 alialikwa New York kuzungumzia elimu ya bure. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipomtupa kambini mwaka 2008, aliendelea kwenda shule. Alifariki Agosti 2009 kabla ya kumaliza darasa la nane, na mimi sioni kama hilo linapunguza chochote: alikuwa ameshajifunza kusoma.

Kwetu Tanzania lipo jambo la karibu zaidi, nalo linaniuma. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi katika mfumo rasmi. Ruhusa ipo. Lakini ukikaa na binti wa miaka 19 mwenye mtoto, atakwambia, "Watanicheka, nitaitwa mama darasani." Binti huyu miaka yote amesikia kwamba mimba ni mwisho wa masomo. Waraka mmoja haufuti maneno ya miaka yote hiyo.

Nini hufuta? Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alieleza mambo yanayomjengea mtu imani kwamba anaweza. Lenye nguvu kuliko yote ni kufanya jambo na kulifanikisha. Linalofuata ni kumwona mtu kama wewe akilifanikisha. Maneno ya kutiwa moyo yamo, lakini ni dhaifu kuliko hayo mawili. Semina nyingi hufanya kinyume: hotuba nyingi, makofi, kisha watu wanarudi nyumbani walivyokuja.

Wazee wetu walilifahamu hili. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986, takwimu rasmi ziliwataja wasiojua kuwa takriban asilimia 10. Kulikuwa na redio, vitabu na walimu wa kujitolea, ndiyo, lakini kulikuwa pia na jirani. Mama aliyeona jirani yake ameshika kalamu chini ya mwembe hakuwa na sababu ya kuona haya. Aibu ya mtu mmoja ilikuwa imegawanywa kijiji kizima.

Kwa hiyo anayesema hesabu hakujaliwa, msimhubirie. Mpeni daftari lake la duka. Mama lishe anayejua faida ya sahani moja ya wali, na hasara ya wiki akikopesha, anafanya asilimia kila siku. Mwonyesheni hesabu yake mwenyewe ikiwa imeandikwa kwa alama za kitabu, kisha mpeni nyingine inayozidi hiyo kidogo. Akifika kwenye milinganyo atakuwa na ushahidi wa mkono wake.

Nanyi wanafunzi, lengo lifungeni kwenye tarehe. "Nitarudi shule" ni la kila mtu. "Jumatatu nakwenda kituoni kuulizia fomu" ni la kwako.

Ombi langu la mwisho ni kwa wawezeshaji. Tukome kumwita mwanafunzi mzito mbele ya wenzake, hata kwa utani. Hukumu nyingi tunazohangaika kuzifuta leo zilitamkwa na mwalimu.