Sindano ya Daktari wa Meno Ikishatumika

Leo hatuongei juu ya mswaki. Tuongee juu ya ile sindano ya ganzi anayodungwa mtoto ufizini kabla ya kung'olewa jino. Ikitoka mdomoni, inakwenda wapi?

Inafaa itiwe papo hapo katika sanduku la usalama, lile la manjano, likiwa karibu na kiti cha daktari. Likijaa robo tatu hufungwa na kupelekwa kuchomwa. Halishindiliwi kwa mkono hata kidogo. Lakini kazi ya meno ina ugumu wake: daktari huenda akataka kuongeza ganzi, kwa hivyo huirudishia sindano kifuniko. Hapo ndipo vidole hudungwa. Anayejua kazi hukilaza kifuniko kwenye trei akakichota kwa sindano akitumia mkono mmoja tu.

Glavu haizuii ncha ya sindano. Nilipokuwa mwanafunzi nilidungwa nikikusanya pamba, mtu alikuwa ameacha sindano chini yake. Usiku huo sikupata usingizi. Nawaambia kwa sababu baadhi yenu ndio mnaofagia na kufua katika kliniki hizo, na mafunzo yakifanywa hamuitwi.

Ukidungwa, usikamue kidole wala usimwagie Jik. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mwambie msimamizi saa hiyo hiyo. Usione haya. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa haraka, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Kati ya watu 1,000 waliodungwa na sindano yenye damu ya mtu aliye na virusi hivyo, huambukizwa kama 3. Hepatitisi B huambukiza kwa urahisi zaidi, ila ina chanjo. Watoto wetu wameipata tangu 2001, katika wiki ya 6, 10 na 14. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, na unafanya kazi kliniki, itishe dozi zako 3.

Mtoto akidungwa na sindano aliyookota jalalani, mwoshe vivyo hivyo na mkimbize hospitali siku hiyo.

Na ukimpeleka kwa daktari wa meno, omba kuona sindano mpya ikifunguliwa. Bomba la chuma hutumika tena likishatakaswa kwa mvuke, lakini sindano na kichupa cha ganzi ni vya mtu mmoja. Uliza kwa upole. Mimi huuliza, na bado sijafukuzwa.