Hotuba kwa Wahandisi Vijana wa Kazi ya Mvuke



Sisi mafundi wa zamani twawakaribisha. Mmechaguliwa kuingia katika mafunzo ya wahitimu, na wazazi wenu wamefurahi. Sisi pia twafurahi, maana mitambo hii itahitaji watu wakati sisi tumekwisha kustaafu. Walakini twataka kuwaambia neno moja waziwazi: anayejifunza kazini ni mfanyakazi. Msikubali mtu awaambie vingine.

Kwanza, ijueni kazi mliyoingia. Huko Olkaria visima viwili vya kwanza vilichimbwa katika miaka ya 1950, navyo havikutoa mvuke wa kutosha. Kazi ikaachwa, ikaanzwa tena katika miaka ya 1970, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukatoa umeme mwaka wa 1981. Kufika 1985 mitambo ilikuwa mitatu, megawati 45. Ilipita kama robo ya karne tangu kisima cha kwanza mpaka taa ya kwanza! Kazi hii haimtaki mtu wa pupa. Tena uwanja umepanuka: vinu vya upepo 365 vya Loiyangalani viliunganishwa na nyaya za nchi mwaka wa 2018.

Pili, jifunzeni kwa watu. Mtapelekwa idara baada ya idara: visima, mabomba, mashine, vyombo vya kupimia. Kila mahali mtamkuta fundi asiye na digrii, aliyekaa na valvu zile miaka ishirini. Mwamkieni, mwulizeni. Kitabu kitawaambia kwamba kisima hutoa mvuke uliochanganyika na maji ya moto, na kwamba sharti maji yatengwe, maana matone huharibu mapanga ya mashine. Fundi atawaonyesha mlio wa bomba unavyobadilika mambo yanapoharibika. Nanyi mafundi wenzetu, msiwafiche vijana kazi kwa kuogopa kwamba kesho watakuwa wakubwa wenu. Ndiyo, watakuwa. Basi heri kuwa na mkubwa anayeijua kazi.

Tatu, jilindeni. Mvuke huja na gesi inayonuka kama yai viza. Ikiwa kidogo, pua huijua. Ikizidi, pua hufa ganzi na mtu hudhani gesi imekwisha. Kwa hivyo tumainini chombo cha kupimia, msitumaini pua. Sheria ya usalama kazini ya mwaka wa 2007 yataka mfanyakazi aonaye hatari kubwa amwarifu msimamizi wake mara moja, na mwajiri asimrudishe mahali pale mpaka hatari imeondolewa. Hakuna aibu kusema, "Bwana, hapa hapafai."

Nne, someni karatasi kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Ajira ya 2007 yamhesabu mwanagenzi kuwa mwajiriwa, na kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti iwe na mkataba ulioandikwa. Ulizeni: Mafunzo ni ya muda gani? Malipo ni kiasi gani? Nikiumia, nani atagharamia? Mafunzo yakiisha, kuna kazi au ni kwaheri? Twajua vijana, katika kampuni ambayo hatuitaji, waliofanya kazi ya mhandisi mzima kwa posho. Muda wao ukaongezwa, ukaongezwa tena, kisha wakaambiwa waende nyumbani, wakaletwa wapya kwa posho ile ile. Hayo si mafunzo. Ni kununua kazi kwa bei ya chini. Nanyi wazee mnaosema, "Hilo ni shauri la vijana," fikirini: posho ikiwa ndiyo malipo ya kazi, kesho mishahara yetu sote itapimwa kwa posho hiyo.

Tano, jiendelezeni. Jiandikisheni kwa Bodi ya Wahandisi wa Kenya kama wahandisi wahitimu. Ili mwe wahandisi kamili, hapana budi mpate uzoefu wa miaka isiyopungua mitatu. Basi wekeni daftari ya kila kazi mliyoifanya, na msimamizi atie sahihi kabla hajahamishwa. Huko Iceland nako kuna mafunzo ya miezi sita ya nishati ya mvuke tangu 1979, na Wakenya wamekwenda huko wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Nafasi ikitangazwa, ombeni.

Mwisho, Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama. Msidhani kwamba digrii itawatosha siku ya shida. Kidole kimoja hakivunji chawa. Leteni mikataba yenu ofisini kwetu tuisome pamoja, leo, kabla ya wino kukauka.