Jenereta na Ahadi

Kaeni vizuri, na mwenye daftari alifungue.

Leo tutasoma habari za JavaScript, lugha ya kuamrisha kompyuta, iliyotungwa na Brendan Eich mwaka 1995. Programu ikiomba habari kutoka mbali, jibu huchelewa. Je, ikae bure ikingoja? Hapana. Hupewa ahadi, nayo huendelea na kazi nyingine. Ahadi ina hali tatu: inangojewa, imetimia, au imevunjika.

Mwaka 2015 lugha hii iliongezewa ahadi rasmi, na jenereta pia. Si ile jenereta ya umeme. Hii ni orodha ya amri inayoweza kusimama katikati. Ifikirieni kama mwanafunzi anayesoma kwa sauti darasani. Akifika penye neno "yield", husimama. Hasomi tena mpaka mwalimu amwambie, "Endelea." Asipoambiwa, atasimama hapo daima.

Basi, tukitaka jenereta itupe ahadi, lazima tuipatie mwalimu, yaani programu fupi ya kuiendesha. Kazi za mwalimu huyo ni hizi:

Kwanza, humpa mwombaji ahadi moja kubwa.

Pili, huiamuru jenereta iendelee, kwa neno "next". Jenereta husimama na kutoa ahadi ndogo.

Tatu, ahadi ndogo ikitimia, huirudishia jenereta jibu lake, nayo huendelea.

Nne, ahadi ndogo ikivunjika, huirudishia jenereta kosa, kwa neno "throw", ili ipate nafasi ya kulirekebisha. Isipoweza, ahadi kubwa nayo huvunjwa.

Tano, jenereta ikimaliza, ahadi kubwa hutimizwa.

Liangalieni sana jambo la nne. Mkilisahau, mtu aliyeomba habari atangoja jibu lisilokuja, wala hataambiwa kwamba kazi imeharibika. Kuambiwa "nimeshindwa" ni afadhali kuliko kunyamaziwa.

Tangu mwaka 2017 JavaScript yenyewe ina mwalimu huyo ndani yake: maneno "async" na "await". Lakini mkikuta programu ya zamani yenye jenereta, mtajua ni nani anayeiambia iendelee.

Zoezi: andikeni hali tatu za ahadi. Kisha kila mmoja amweleze mwenzake kwa nini jenereta haiwezi kwenda peke yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.