Mawe ya Tochi na Wajibu wa Mlinzi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko Jinja, Mbale na katika vituo vyote vya mashariki ya Uganda, maelezo yetu baada ya habari yanahusu kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono. Kitu hicho ni betri kavu, ile ambayo wengi wetu huiita jiwe la tochi au jiwe la redio, na ambayo wasemao Kiganda huiita amanda, yaani makaa.

Huenda mtu akauliza: je, hapana mambo makubwa zaidi ya kuzungumzwa kuliko mawe ya tochi? Mambo makubwa yapo. Lakini askari anajua kwamba jambo kubwa mara nyingi huharibiwa na kitu kidogo kilichosahauliwa. Bunduki iliyosafishwa vizuri haimsaidii mlinzi asiyeweza kuona aliyesimama mbele yake. Amri iliyotolewa kwa wakati haimfikii mtu ambaye redio yake imenyamaza.

Tukumbuke usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai mwaka 2022. Mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Elgon, mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, na maji yakaingia katika mji wa Mbale na vitongoji vyake. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Tukumbuke pia tarehe 1 Machi mwaka 2010, mlima ulipoporomoka huko Bududa na kukifunika kijiji cha Nametsi. Askari wa jeshi letu walikuwa miongoni mwa waliochimba tope kwa majembe na sepetu, kwa kuwa mitambo mikubwa haikuweza kupanda njia zile. Misiba ya namna hiyo haingoji mapambazuko. Ikiwa nguzo za umeme zimeanguka na barabara zimekatika, mwanga wa kwanza utakaomfikia mwananchi aliyekwama ni ule ulio mkononi mwa askari.

Mji wa Jinja unajulikana mbali kwa umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na mitambo ya Bujagali ikazinduliwa mwaka 2012. Lakini umeme wa mto Nile hupita katika nyaya, na doria haifuati nyaya. Doria hupita mashambani, kando ya ziwa, milimani na mpakani. Huko, mtambo wa umeme wa askari ni yale mawe mawili au matatu yaliyomo ndani ya tochi. Basi inafaa ayajue kama anavyoijua silaha yake.

Betri ya kawaida, ile ya bei nafuu, ina asili ya zamani. Mfaransa Georges Leclanché aliibuni kwa umbo la majimaji mwaka 1866, na katika miaka ya 1880 Mjerumani Carl Gassner akaifanya kuwa kavu, iweze kubebwa bila kumwagika. Katikati yake umesimama mti mweusi wa kaboni. Kuuzunguka kuna unga mweusi wa manganizi uliochanganywa na dawa yenye unyevu, na nje ya vyote hivyo kuna kopo la madini ya zinki. Kopo hilo si chombo tu cha kuhifadhia vilivyomo. Lenyewe ndilo kuni. Kila tochi inapowaka, zinki huliwa kidogo kidogo. Ni sawa na mtu anayepika kwa kuchoma kuta za jiko lake. Mwishowe kopo hutoboka, na ile dawa iliyokuwa ndani hutoka. Hutafuna springi, hugeuza shaba kuwa kijani, na huifanya tochi nzima kuwa takataka.

Ipo betri ya aina ya pili, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kutokana na kazi ya mhandisi wa Kanada, Lewis Urry. Hii huitwa alkalaini. Kopo lake la nje ni la chuma, na zinki yake imo ndani ikiwa unga. Kwa sababu hiyo hudumu zaidi, hasa katika tochi yenye mwanga mkali. Hata hivyo, nayo huvuja. Ikichakaa, au ikiachwa baada ya nguvu zake kwisha, hutengeneza hewa ya haidrojeni ndani yake. Hewa hiyo husukuma, mpaka kizibo kiachie mahali kilipofanywa dhaifu kwa makusudi ili betri isipasuke. Hapo dawa kali hufuata hewa, na ikikauka huwa ule unga mweupe unaofanana na magadi.

Ndugu wasikilizaji, ni lazima tulielewe jambo moja ambalo ndilo kiini cha maelezo haya. Betri haiharibiki kwa kazi peke yake. Huharibika pia kwa kukaa. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa na betri machoni pao. Betri ni akiba inayooza, na huoza kimyakimya ndani ya sanduku lililofungwa vizuri. Adui yake mkubwa ni joto, kwa kuwa joto huharakisha kazi ya kemikali hata pale ambapo tochi imezimwa. Bohari lenye paa la mabati lisilo na dari, au sehemu ya mbele ya gari lililoegeshwa juani, hufupisha maisha ya betri kuliko wengi wanavyodhani.

Majeshi makubwa yalijifunza jambo hili kwa gharama. Katika Vita Vikuu vya Pili, askari wa Afrika ya Mashariki, wakiwamo vijana wa Uganda, walipelekwa kupigana katika misitu ya Burma mwaka 1944. Katika vita hivyo hivyo Wamarekani waligundua kwamba betri zao za zinki zilikuwa zikifia ghalani katika nchi za joto kabla hazijafika mikononi mwa askari. Mtaalamu wao, Samuel Ruben, akalazimika kubuni betri ya aina nyingine, iliyotumia zebaki, ili redio za mkononi na vyombo vya kutafutia mabomu ya ardhini viweze kufanya kazi. Zebaki ni sumu, na leo betri za namna hiyo zimepigwa marufuku katika nchi nyingi. Lakini fundisho limebaki: kuwa na betri katika daftari la bohari si sawa na kuwa na mwanga.

Sasa tutazame mazoea yetu. Lipo zoea la kuchanganya betri mpya na zilizochoka, kwa nia ya kubana matumizi. Anayefanya hivyo hapati faida. Ile iliyochoka huishiwa kwanza, kisha zenye nguvu huendelea kuusukuma umeme ndani yake kwa nguvu, nayo huvuja. Hivyo aliyetaka kuokoa jiwe moja hupoteza yote, na tochi juu yake. Kuchanganya betri za aina mbili huleta hasara hiyo hiyo.

Lipo zoea jingine la kuanika betri juani, kuzipasha moto karibu na jiko, kuzigonga au kuziuma kwa meno ili zipate uhai. Ni kweli kwamba joto huamsha nguvu kidogo iliyobaki, na redio huweza kuimba kwa muda. Lakini kopo lililokwisha kuliwa haliponi kwa jua. Nguvu hiyo ni ya kuazima, na malipo yake ni kuvuja. Kwa redio ya nyumbani huenda hasara ikavumilika. Kwa tochi ya lindo haivumiliki.

Tena wapo wanaoiacha tochi ikiwa imewashwa baada ya mwanga wake kufifia, kisha wakaitundika ukutani. Betri iliyonyonywa mpaka mwisho na kuachwa humo ndiyo ya kwanza kuvuja, iwe ya zinki au ya alkalaini.

Kutokana na hayo, wajibu wa kila mmoja wetu unaonekana wazi. Mtunza bohari aziweke betri mahali pakavu penye ubaridi, atoe kwanza zilizoingia kwanza, na asome tarehe iliyochapwa ubavuni au chini ya kila moja. Tochi na redio za akiba, zile ambazo hazitumiwi kila siku, zihifadhiwe betri zikiwa zimetolewa na kuwekwa kando, ndani ya mfuko wao. Mkuu wa zamu anapokagua silaha na magwanda, afungue na tochi pia. Haitoshi kuiwasha na kuizima. Afungue kifuniko, atazame springi, aone kama pana unyevu, kutu au unga. Ukaguzi huo hauchukui dakika moja, nao hauhitaji fungu lolote katika bajeti.

Anayenunua kwa fedha zake mwenyewe au za umma na ajue kusoma maandishi madogo. Betri kubwa ya tochi ya aina ya zinki huandikwa R20, na ile ndogo huandikwa R6. Zikiwa za alkalaini, herufi L hutangulia, yaani LR20 na LR6. Redio ndogo na saa ya ukutani hutumia umeme mdogo, hivyo betri ya zinki yatosha, mradi itolewe kabla haijaisha kabisa. Kwa tochi ya doria, alkalaini ina thamani ya bei yake. Mara nyingi kilicho rahisi huwa ghali.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya soko letu. Kwa miaka mingi, betri nyingi zilizotumika katika nchi zetu zilitengenezwa jirani, katika kiwanda cha Eveready kilichokuwa Nakuru. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2014, baada ya kushindwa na bidhaa za bei ya chini kutoka nje. Hatusemi kwamba kila kitokacho mbali ni kibaya, kwani zipo betri nzuri zinazotoka mbali. Lakini pamoja na hizo huja zenye kopo jembamba, zenye jina lililoigwa, au zilizokaa melini na ghalani mpaka uhai wao ukapungua. Shirika la Viwango la Uganda liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983 ili kumlinda mnunuzi na bidhaa za namna hiyo. Askari polisi anayelinda mpaka wa Busia au Malaba asiione katoni ya betri za bandia kuwa kosa dogo la mfanyabiashara mdogo. Ajiulize ni nani atakayezitia katika tochi yake, na usiku gani.

Na ikiwa betri imekwisha kuvuja, je, kifaa kitupwe? La, si kila mara. Toa betri zote bila kuzishika kwa mikono mitupu, na usiguse macho. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi bila kukawia, kisha nenda kwa mganga. Ikiwa ni unga mweupe wa alkalaini, paka matone machache ya siki au maji ya limau kwa kitambaa, kwa kuwa ukali wa limau hutuliza ukali wa magadi. Ikiwa ni betri ya zinki, kitambaa chenye unyevu kidogo chatosha. Kisha kausha vizuri, na kutu iliyobaki iondoe kwa msasa laini. Tochi nyingi zilizotupwa zingepona kwa kazi hiyo ndogo.

Betri zilizokufa nazo zisitupwe ovyo kambini, wala kando ya mto Nile, wala katika moto, maana zikipata moto huweza kupasuka. Watoto wa kambi wasiachiwe kuzivunja ili wapate ule unga mweusi na mti wake wa kaboni. Zikusanywe mahali pamoja katika chombo kikavu, mbali na maji ya kunywa, na mkuu wa kambi aulizie mamlaka ya mji namna ya kuziondoa.

Wapo watakaosema kwamba zama za mawe ya tochi zimepita, kwa kuwa sasa zipo taa za jua na kila mtu ana simu yenye mwanga. Taa za jua ni neema, na inafaa zienee. Lakini betri zake nazo huchakaa, na siku za mvua mfululizo huko Elgon jua halionekani. Ama simu, kila dakika inapotumika kama tochi hupungukiwa na uwezo wa kuita msaada. Mwenye busara huchukua vyote viwili, na kila kimoja hukitumia kwa kazi yake.

Ndugu askari, mwananchi anayelala Namatala au Masese hajui tochi yako ina betri za aina gani, wala hana haja ya kujua. Yeye anajua tu kwamba akipiga ukelele usiku, mwanga utakuja. Imani hiyo haikujengwa kwa siku moja, na kifuniko kimoja kilichojaa kutu chaweza kuitia ufa. Kwa hiyo, kabla zamu ya usiku huu haijaanza, kila mmoja na afungue tochi yake atazame ndani.

Hayo ndiyo maelezo yetu ya leo. Tunawatakia ulinzi mwema.