Kupanga Huduma za Uraibu Zinazolenga Upataji Nafuu Katika Jimbo Zima: Mfano wa Connecticut

Mada hii inachunguza jinsi serikali ya jimbo la Connecticut, nchini Marekani, ilivyojaribu kuugeuza mfumo wake wa huduma za uraibu, ili uache kuhesabu matibabu yaliyotolewa na uanze kufuatilia maisha ya mtu baada ya matibabu hayo. Hoja inayotetewa ni kwamba mageuzi ya aina hiyo hayaletwi na tamko la sera, hata liwe limeandikwa kwa ufasaha namna gani, bali huanza kuonekana pale masharti ya fedha na mikataba yanapolinganishwa na tamko lenyewe.

Kwa miaka mingi huduma za uraibu nchini Marekani zilifuata mantiki ya maradhi ya muda mfupi: mtu hupokelewa akiwa hoi, huondolewa sumu mwilini huku akisaidiwa kuvumilia maumivu ya kukosa dawa, yale ambayo waraibu wa Dar es Salaam huyaita arosto, hupewa ushauri nasaha kwa wiki chache, kisha huruhusiwa na faili lake likafungwa. Akirejea matumizi hupokelewa upya kana kwamba hajawahi kuonekana, na aghalabu hulaumiwa yeye badala ya kuhojiwa mpango wa tiba. Mwaka 2000 A. Thomas McLellan na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA makala iliyolinganisha utegemezi wa dawa za kulevya na kisukari, shinikizo la damu na pumu, wakaonyesha kwamba katika maradhi yote hayo wagonjwa wengi hurejewa na hali yao kwa viwango vinavyokaribiana. Hata hivyo, mgonjwa wa kisukari hafukuzwi kliniki kwa kuwa sukari yake imepanda tena, ilhali mraibu aliyeteleza alifukuzwa, na katika vituo vingine bado anafukuzwa.

Upataji nafuu, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni zaidi ya kuacha dawa. Ni mwendo wa muda mrefu ambao ndani yake mtu hurudishiwa afya, makazi, kazi na heshima mbele ya jamaa zake. Robert Granfield na William Cloud waliziita rasilimali zinazouwezesha mwendo huo mtaji wa upataji nafuu, wakimaanisha jumla ya mali, ujuzi, afya na mahusiano ambayo mtu anaweza kuyategemea. Dhana hiyo ina uzito kwa mpangaji, kwa sababu inaonyesha kwamba watu wawili wanaotumia kiasi kilekile cha heroini wanaweza kuhitaji misaada tofauti kabisa, mmoja akihitaji dawa na ushauri tu, mwingine akihitaji kwanza pa kulala.

Connecticut ilianza ikiwa na faida mbili. Afya ya akili na uraibu vilikuwa tayari chini ya idara moja, na tangu 1998 palikuwepo Connecticut Community for Addiction Recovery, jumuiya ya watu waliopata nafuu waliokubali kujitokeza hadharani na kudai nafasi katika maamuzi. Septemba 2002 Kamishna Thomas Kirk alitia saini sera iliyofanya upataji nafuu kuwa lengo linaloongoza huduma zote za idara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakatengeneza dodoso la kupima kiasi ambacho vituo vilifuata lengo hilo, lililojazwa na wakurugenzi, wahudumu, watumiaji wa huduma na ndugu zao. Majibu yalifundisha jambo moja zito: vituo vilijipa alama nzuri katika kumsaidia mtu atafute anayoyapenda, lakini vikapata alama za chini katika kumshirikisha kwenye uendeshaji wa huduma. Kwa maneno mengine, wahudumu walikuwa wepesi kubadili lugha kuliko kugawana madaraka.

Arthur Evans, aliyekuwa naibu wa Kirk kabla ya kuhamia Philadelphia mwaka 2004, alisisitiza kwamba dhana, utendaji na mazingira ya kiutawala lazima viende pamoja. Hilo la tatu ndilo gumu. Mkataba unaomlipa mtoa huduma kwa kila siku ya kitanda humfundisha kujaza vitanda, wala hakuna semina itakayomfundisha vinginevyo. Programu ya shirikisho iitwayo Access to Recovery, iliyoanza kutoa fedha mwaka 2004 na kuifikia Connecticut, ililegeza fundo hilo kwa njia ya vocha, yaani hati ambayo mhitaji aliitumia kuchagua mwenyewe huduma, zikiwemo makazi na usafiri, na hata kuzipata kwa taasisi za dini. Huduma nyingine zilihitaji fedha kidogo tu: wajitolea wa jumuiya iliyotajwa waliwapigia simu watu waliomaliza matibabu, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, kuwauliza hali zao.

Mfano huu haupaswi kupambwa. Kuanzia 2017 hadi 2023 vifo vya kuzidisha dozi katika Connecticut vilizidi 1,000 kila mwaka, sababu kubwa ikiwa fentanili, afyuni ya kutengenezwa maabara ambayo ukali wake ni mara nyingi zaidi ya ule wa heroini. Kwa hiyo mpango wowote unaoutenga upataji nafuu na dawa za tiba kama methadoni, buprenofini na naloksoni, ukidai kwamba anayetumia dawa hizo hajapata nafuu, unahatarisha maisha ya watu.

Tanzania, ambayo ilifungua kliniki ya methadoni Muhimbili mwaka 2011 na ambayo ina nyumba za upataji nafuu Bara na Zanzibar, tayari inavyo viungo vyote viwili. Watakaoketi kuviunganisha waanze kwa kuuliza nani analipwa, analipwa kwa kazi gani, na mraibu aliyepata nafuu ana kura mezani au ameitwa kutoa ushuhuda tu.