Lourdes Wakati wa Jua na Wakati wa Baridi



Mwenyekiti ameniomba nisimulie kuhusu hija, na amenipa dakika tano. Naona wanaonijua wameanza kucheka.

Lourdes ni mji mdogo kusini-magharibi mwa Ufaransa, chini ya milima ya Pyrenees. Nimefika huko mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mnakumbuka marehemu mume wangu, yule mliyemwita Mzee wa Besi, alikuwa amelazwa. Mlichanga nauli yangu hapa hapa nje, baada ya Misa ya pili, niende nikamwombee.

Jua lilikuwa kali na watu kama siafu. Saa tatu usiku maandamano ya mishumaa yakaanza, wagonjwa wakiwa mbele kwenye viti vya magurudumu. Kila mtu ana mshumaa wenye kikaratasi cha kukinga upepo. Rozari inasaliwa kwa lugha nyingi, na kiitikio kinapofika, maelfu wanainua mishumaa juu. Sisi tuliitikia kwa Kiswahili, sauti zote nne, mpaka waliokuwa mbele yetu wakageuka. Nikajaza chupa maji ya chemchemi, nikarudi na hakika kwamba Mzee atapona.

Alifariki Novemba. Mliimba vizuri mazishini. Mimi sikuimba, wala sikuimba tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Wengine mlidhani nimehama kanisa.

Mara ya pili sikwenda kuhiji. Nilimtembelea binti yangu anayefanya kazi Toulouse, mwezi wa Januari, akaniambia Lourdes si mbali kwa treni. Nilienda kumridhisha yeye tu. Hoteli nyingi zilikuwa zimefungwa, maduka ya rozari pia, na yale maandamano ya kila usiku hayapo miezi hiyo. Theluji ilikuwa imejaa milimani. Mbele ya pango tulikuwa watu wanane. Ndipo nikausikia mto Gave. Agosti sikujua kama una sauti.

Nikakaa pale na shali mbili, nikamfikiria Bernadette. Nilikuwa nikimjua yule wa sanamu, mwenye uso laini. Kumbe tarehe 11 Februari 1858 alikuwa msichana wa miaka 14, mwenye pumu, ametoka na dada yake na rafiki yao kutafuta kuni kwenye baridi kama ile. Anavua soksi avuke maji. Siku chache baadaye anachimba chini kwa mikono na kunywa matope, watu wanamwona kama amerukwa na akili. Alikufa mwaka 1879, mtawa wa miaka 35, baada ya kuugua sana. Chemchemi aliyoichimba mwenyewe haikumponya.

Hilo nililisoma zamani. Siku ile ndiyo liliniingia.

Mama mmoja mzee akaanza Rozari kwa Kifaransa, sauti imekwaruza kwa baridi. Nikamjibu kwa Kiswahili. Kufika fumbo la tatu nilikuwa nalia, na bado najibu.

Niliporudi nyumbani, Jumamosi nikaja mazoezini, tena nimechelewa. Kiti changu kilikuwa wazi, katikati ya wale wale wawili. Mwalimu hakuniuliza kitu. Alinipa karatasi ya noti, akasema, "Mama, tuko ukurasa wa tatu."