Amri ya Nne: Mtoto Asiyekuwamo Msafarani

 

Mmekwisha kujifunza kwamba Amri ya Nne yawaagiza watoto kuwatii wazazi wao. Leo tutazame upande wake wa pili: wazazi nao wana deni kwa watoto.

Mwaikumbuka habari iliyomo katika Injili ya Mtakatifu Luka. Yezu alikuwa na umri wa miaka 12. Maria na Yozefu, wakirudi kutoka Yeruzalemu, walikwenda mwendo wa siku nzima wakifikiri kwamba yumo msafarani pamoja na jamaa. Kumbe hayumo. Iliwabidi kurudi nyuma, hata wakamwona baada ya siku tatu. Ikiwa wazazi watakatifu walikosea hivyo, sisi je?

Siku hizi mtoto aweza kupotea huku ameketi mkekani karibu nasi. Ameshika simu, anatazama sinema fupi fupi za TikTok, nasi twasema, “Ametulia.” Lakini simu ni njia, wala si njia ya kijijini ambayo kila apitaye twamjua. Tena mtambo ule huangalia mtoto amekawia kutazama nini, kisha humletea mengine ya namna ile ile, yawe mema au mabaya.

Katika jumuiya yetu, hapa komini ya Lubumbashi, yuko mama mwenye binti wa miaka 11. Binti alijipiga sinema akicheza mbele ya nyumba, amevaa nguo za shule. Mtu asiyemjua akamsifu, akajifanya msichana wa rika lake, akamwomba picha ya aibu. Alipoipata akamtisha: “Lete nyingine, ama nitawaonyesha watu wote.” Mtoto akaacha kula. Mama akadhani ni malaria, akanunua dawa.

Mlango ulifunguliwaje? TikTok yenyewe haiwaruhusu walio chini ya miaka 13, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kuandikiwa kwa faragha. Lakini kaka yake mkubwa, alipomwandikisha, alitaja miaka 18. Waliuita uwongo mdogo. Nao ndio uliobomoa ua wote.

Mama alipojua, aliinua fimbo. Kisha akaiweka chini. Twamshukuru Mungu kwa fimbo ile, maana mtoto aogopaye kupigwa humficha hata adui yake. Maria naye, alipomwona mwanawe, alimwuliza kwanza sababu. Mama akasema, “Mwanangu, mwovu ni yule mtu.” Hakumjibu mtu yule, hakumpa kitu, wala hakufuta maneno yake, maana ndiyo ushahidi. Alimfungia njia ya kuandika tena, na baba akaipeleka simu kwa polisi. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, nayo yawaadhibu wanaotengeneza na kueneza picha chafu za watoto.

Ninyi wa vijijini msiseme, “Hayo ni mambo ya mjini.” Simu hufika kwenu pamoja na watoto warudio likizoni. Basi fanyeni hivi.

Kwanza, umri uandikwe kwa kweli. Asiyetimiza miaka 13 asiandikishwe.

Pili, simu itazamwe mbele ya watu wa nyumbani, na usiku ilale kwa wazazi.

Tatu, mtoto asionyeshe shule yake, nyumba yake wala mwili wake. Nasi wakubwa tusitawanye picha zake ovyo.

Nne, kila jioni kabla ya sala mwulizeni kwa upole: “Leo umeona nini? Nani amekuandikia?” Mkiuliza, sikilizeni hata mwisho.

Na sasa tujibu pamoja.

Swali: Mzazi afanye nini mtoto wake akipotea katika njia ya simu?

Jibu: Arudi nyuma amtafute, amsikilize kabla ya kumhukumu, amkinge na adui.

Maria, Mama uliyemtafuta mwanao, utusaidie kuwatafuta wetu. Amina.